Mwalimu Aliyeotesha Nyasi Kwenye Kifusi

Ndugu zetu, majirani, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani mliokuja na watoto wenu, na ninyi wa mgodini mliotoka zamu mkapitiliza hadi hapa na buti zenu miguuni, familia inawasalimu kwa huzuni na inawaomba mtuvumilie kidogo, tuwaeleze huyu tuliyemleta mbele yenu ametoka wapi, amepita wapi na amefikaje hapa. Anayesoma ni mdogo wake wa mwisho, ambaye marehemu alimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, kwa hiyo sauti ikikwama mnisamehe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la kushonea nguo, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, na alikuwa mtoto wa kuinamainama tangu alipojua kusimama, mkimtuma dukani atachelewa kwa sababu ameona siafu wanahama, mkimtuma kuni atarudi na konokono mfukoni. Baba hakumchapa kwa hilo, alimshonea sare yenye mifuko mikubwa kuliko ya watoto wengine, akasema afadhali wadudu wakae mfukoni kuliko kwenye mto wa kulalia, na mama, ambaye ndiye aliyefua sare hizo, alikuwa na maoni tofauti kabisa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1966 hadi 1971, kisha chuo cha ualimu mwaka 1972 na 1973, akahitimu katika masomo ya biolojia na kemia. Wadogo zake tulimwona likizo tu, akirudi na sanduku la bati na maneno mapya, na kila neno jipya lilitugharimu kuku mmoja, maana alitaka kutuonyesha ndani kulivyo kabla mama hajamtia sufuriani.

Tarehe 14 Januari 1974 aliripoti kazini katika sekondari ya mji wa mgodi, shule ambayo wengi wenu mmesoma, wakati huo ikiwa na madarasa manne, ofisi moja ya walimu yenye meza ya kuazimana, na madirisha ambayo hayakufunguliwa upande mmoja hata kwenye joto kali, kwa sababu upande huo kilikaa kile kifusi. Wageni wa mji huu huenda hawakukikuta kama kilivyokuwa, kwa hiyo tuseme wazi, mgodi ulichimba mawe, ukachukua shaba, na masalio yote yakasukumwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi mpaka yakawa kilima cha kijivu, kisicho na jani hata moja, kwa sababu shaba kidogo iliyobaki ndani yake ni sumu kwa mizizi, na upepo ukivuma kilima kile kilihamia ndani ya nyumba za watu, kikakaa kwenye vyombo, kwenye shuka na kwenye vifua.

Kabla hatujafika huko, familia ingependa mcheke kidogo, maana naye alikuwa mtu wa kucheka. Stoo ya bweni ilijaa mende, na mtunza stoo, mzee wa maneno mengi, kila mwisho wa muhula alipuliza dawa ile ile, na kila muhula mende wakazidi kuidharau, mpaka siku moja akaingia ofisini kwa walimu kulalamika kwamba mende wa shule hii wameizoea dawa kama watu wanavyozoea chai.

"Hawajazoea, baba," marehemu akamwambia. "Wale wa mwanzo karibu wote uliwaua. Wachache walizaliwa na kitu mwilini kinachohimili hiyo dawa, hao ndio waliobaki, wakazaa, na watoto wao wakarithi. Kila ukipuliza unaondoa wanyonge, unawaachia stoo wale wagumu."

Mzee akamkodolea macho. "Kwa hiyo unasema mimi ndiye ninayewafuga?"

"Tena unawafuga vizuri," akajibu, na ofisi nzima ikaangua kicheko, akiwemo mwalimu mkuu, na kuanzia hapo kila mwanafunzi wa shule ile alijifunza uteuzi asilia kwa mende wa mzee wa stoo, ambaye baada ya kununa wiki nzima alianza kujivunia kwamba mifugo yake imeingia kwenye mtihani.

Kuhusu ndoa, mwaka 1975 alikuja shuleni kijana dereva wa tingatinga, amemfuata mdogo wake aliyefeli mtihani, akaambiwa asubiri mwalimu amalize kipindi, akasubiri dirishani, akasikiliza somo zima, na kesho yake akaja tena ingawa mdogo wake hakuwa na shida yoyote mpya. Shemeji yetu hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu, alimwambia, "Mwalimu, mimi kusoma sikusoma sana, lakini nikisukuma kitu, kinasogea." Dada akamjibu kwamba yeye hasukumwi. "Basi nitazima injini," akasema, "nikusubiri." Alisubiri mwaka mzima na ushee, wakafunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakapewa nyumba ya vyumba viwili katika safu ya mwisho ya nyumba za wafanyakazi, ile iliyo karibu zaidi na kifusi, na kazi ya shemeji, tusiifiche, ilikuwa ndiyo hiyo ya kukisukuma kifusi kikue.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, binti, alizaliwa tarehe 2 Juni 1978, na kwa jinsi alivyokuwa na maneno mtaa wote ulimwita Kasuku, akisimama mlangoni na kumsalimu kila apitaye, hata baiskeli. Wa pili, wa kiume, ambaye leo ni fundi umeme, alizaliwa mwaka 1981. Wa tatu, wa kike, ambaye ni muuguzi, alizaliwa mwaka 1985. Kasuku alianza kukohoa msimu wa kiangazi akiwa na miaka minne, watu wakasema ni vumbi tu, litapita, watoto wa hapa huzoea, akapelekwa zahanati akapewa dawa ya maji, akapelekwa hospitali kifua kikiwa kimeshafunga, na tarehe 21 Agosti 1982 akafariki mikononi mwa baba yake, kwenye benchi, wakiwa bado kwenye foleni.

Dada hakulia mbele za watu, na baadhi yetu, kwa ujinga wa ujana, tulidhani moyo wake ni mgumu. Shemeji ndiye aliyetuambia baadaye kwamba kila asubuhi aliamka akapangusa kizingiti pale mtoto alipokuwa akisimama, akapangusa tena jioni, na kila mara kitambaa kilitoka kijivu, na kwamba siku moja alikitupa kile kitambaa, akatoka nyumbani na ndara, akapanda kifusi peke yake kwa hasira, bila kujua anakwenda kufanya nini. Huko juu, kwenye korongo dogo ambalo mashine haikulifikia, aliona shada la nyasi.

Alipiga magoti akalitazama mpaka jua likamchoma shingo, kwa maana zilikuwa nyasi za kawaida kabisa, zile zile zinazoota kwenye uwanja nyuma ya shule, ambazo kwa haki zilipaswa kufa pale. Akarudi na tumaini la mtu aliyefiwa, ambalo halina subira, akawachukua wanafunzi wa kidato cha tatu, wakang'oa nyasi uwanjani kwa mapande makubwa, wakazipanda kwenye mteremko unaotazama nyumba, wakamwagilia kwa ndoo, na kabla mwezi haujaisha nyasi zote zilikauka, hata moja haikubaki. Mtaa ulicheka. Wapo waliosema mwalimu msiba umempanda kichwani, na wapo waliosema kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, kwamba mume anamwaga na mke anapanda, hiyo nyumba itaelewana lini.

Hapo ndipo alipoacha kufanya haraka. Alichukua udongo wa kifusi akaujaza kwenye makopo ya biskuti, akayapanga dirishani darasani, mengine akapanda mbegu za nyasi za uwanjani, nyingi, kwa konzi, mengine akapanda mbegu za lile shada la juu. Mbegu za uwanjani ziliota zote kwa furaha kama watoto wanaotoka shule, kisha mizizi ikagusa sumu ikasimama, zikageuka njano zikalala, zikabaki chache mno, za kuhesabu kwa vidole, zisizojua kwa nini zimebaki. Mbegu za shada ziliota na nyingi zikaendelea kukua, ingawa si zote, kwa sababu upepo ulikuwa umeleta chavua kutoka uwanjani, na waliozaliwa kwa mchanganyiko ule wengine hawakurithi ustahimilivu. Alipozihamishia nyasi za kifusi kwenye udongo mzuri wa uwanjani zikazidiwa na wenzao wa pale, zikasongwa, akawaambia wanafunzi waandike hilo pia, kwamba hakuna nyasi bora kuliko nyingine, ipo inayofaa mahali ilipo, na uwezo wa kuishi kwenye sumu una gharama yake.

Wanafunzi wake wanakumbuka alivyokuwa mkali juu ya neno moja. Ukisema nyasi zimebadilika ili ziweze kuishi, alikusimamisha. Hakuna unyasi uliojibadilisha, alisema, kila mmoja ulizaliwa na ulichozaliwa nacho, ukaishi au ukafa, na kilichobadilika ni ukoo, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu waliokufa hawakuacha mbegu. Binti mmoja wa darasa lile, ambaye leo ni mwalimu na yuko hapa, alimuuliza, "Mwalimu, kwa hiyo hizi nyasi zina bahati?" Akajibu, "Hizi ndiyo. Ukoo wao umezika wengi."

Mwaka 1986 alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu, akaacha watoto wawili kwa mama yetu, mdogo akiwa hajamaliza mwaka, jambo lililomuuma na ambalo watu hawakumwacha alisahau, akahitimu shahada ya sayansi ya mimea mwaka 1989, na ingawa alishauriwa abaki chuoni afundishe, alirudi kwenye madirisha yale yale yasiyofunguliwa.

Tuje kwenye mkutano wa tarehe 5 Oktoba 1991, katika ukumbi wa wafanyakazi, ambao mengi yameshasemwa juu yake na mengine yameongezwa chumvi, kwa hiyo familia inaomba yasomwe kama yalivyokuwa. Wazazi walikuwa wamelalamika kuhusu vumbi, uongozi ukaitisha kikao, wafanyakazi wakakaa mbele na shemeji akiwa mmoja wao, wake zao nyuma. Meneja wa wakati ule, mtu mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba mgeni akija hapa hukohoa wiki mbili tatu lakini wenyeji hawakohoi sana, wameshazoea, kisha akasema, na alidhani anamsifu, "Hata nyasi, kama mwalimu wenu anavyotufundisha, zimezoea. Viumbe vyote huzoea."

Dada akasimama. Waliokuwepo wanasema hakupaza sauti.

"Meneja, nyasi hazikuzoea. Kila unyasi unaouona kule juu una wenzake wasiohesabika waliokufa wakiwa wachanga, na nyasi zinaweza kulipa hivyo kwa sababu zinamwaga mbegu kama mchanga na hakuna anayezililia. Sisi hatuzai hivyo. Mimi wangu wa kwanza alikuwa mmoja, na alikuwa na jina. Ukisema tumezoea, umewatazama waliobaki, hukuwauliza waliokwenda. Twende makaburini sasa hivi, upande wa watoto, ukawaulize wao kama wamezoea."

Hakuna aliyepiga makofi, na meneja akafunga kikao. Wiki hiyo hiyo msimamizi wa zamu alimwita shemeji pembeni akamwambia amfunge mkewe mdomo, ama sivyo atafute mahali pengine pa kusukuma. Shemeji akarudi nyumbani, akakaa kizingitini na buti zake, hakuzivua. Dada, ambaye ukumbini hakuogopa, sasa akaogopa, akasema, "Baba watoto, nikiomba radhi utabaki kazini."

"Mtoto nilimzika mimi," shemeji akasema. "Na kile kifusi nilikisukuma mimi. Usiniombee radhi kwa mtu yeyote."

Aliondolewa kwenye tingatinga, akapewa ufagio wa karakana, mtu mzima na ujuzi wake, akafagia karibu miaka miwili bila kumnung'unikia mke wake hata siku moja, na akiulizwa na wenzake kazi mpya ikoje alijibu kwamba ni ile ile, kusukuma, ila sasa injini ni yeye mwenyewe.

Mambo yaligeuka mwaka 1993, alipokuja mhandisi mpya, mwanamke wa makamo, aliyesoma maandishi ya dada kuhusu majaribio yake ya makopo, akapanda kifusi akaliona shada, akaubana uongozi mpaka ukakubali kutoa mteremko mmoja, ule unaotazama nyumba. Mteremko ulihitaji kukatwa ngazi ili mvua isifagie mbegu, na ikaonekana hakuna anayekijua kifusi kile kama mtu aliyekijenga, akarudishiwa tingatinga lake, na kwa hiyo mume na mke, mmoja juu ya mashine na mwingine chini na kikapu, walifanya kazi mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Mara hii dada hakugusa nyasi za uwanjani, alikusanya mbegu kutoka kwenye mashada ya kifusi chenyewe, akawaambia kina mama waliojitolea, "Hatupandi nyasi nzuri, tunapanda watoto wa walionusurika."

Haikuwa rahisi wala haikuwa haraka. Mwaka wa kwanza mvua ilichelewa, wa pili mbuzi wa mtu walivunja uzio na wawili wakafa kwa kula nyasi zile zenye sumu, kukawa na ugomvi uliofika mbali, mwaka wa tatu ndipo rangi ya kijani ilipoanza kushikamana, kila msimu wanyonge wakipukutika na wengine wakimwaga mbegu kwenye nafasi zao, na kufikia mwaka 2000 mteremko wote wa upande wa nyumba ulikuwa umevikwa, panzi wakaonekana, nyuma yao ndege, na madirisha ya shule yakafunguliwa. Marehemu hakupenda kusikia kwamba kifusi kimepona. Alisema sumu ipo pale pale chini, nyasi zimeshika vumbi tu, mtoto asicheze pale na mnyama asilishe pale, na aliyasema hayo hata siku alipopewa cheti cha shukrani kwa kazi ile, akawaharibia sherehe.

Shemeji hakulifaidi sana lile jani. Vumbi la miaka lilikuwa limeshaingia, akafariki tarehe 30 Aprili 2004 kwa maradhi ya mapafu, na dada akaendelea kufundisha hadi alipostaafu mwaka 2011, akaishi na wajukuu, akiwasumbua majirani kwa mashada ya nyasi kwenye makopo kila mahali pa kukalia.

Mwaka 2020 alianza kuvimba miguu, akagundulika figo zimechoka, akaanza matibabu katika hospitali ya rufaa, akienda na kurudi na bintiye, na mwishoni mwa mwaka jana hali ikawa nzito. Siku chache kabla hajatuaga, bintiye, akimsogeza kitandani, alimuuliza kama anaogopa, naye akasema, "Kuogopa naogopa, mwanangu. Lakini nimechoka zaidi ya ninavyoogopa." Kisha akaomba uji, akanywa vijiko viwili, akaulalamikia sukari. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, asubuhi, jua likiwa limeshaingia wodini, wanawe wote wawili wakiwa wamemshika mikono. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake wanne, na mamia ya wanafunzi ambao hatuna haki ya kusema si watoto wake.

Familia inamshukuru daktari ambaye kila alipokuwa na habari mbaya alivuta kiti akaketi kwanza, wauguzi waliomwita mwalimu mpaka dakika ya mwisho, jirani wa mlango wa pili aliyemsuka nywele kila Jumamosi hata zilipobaki chache, walimu waliogawana zamu za kumpeleka hospitali, na ninyi wafanyakazi wa mgodi mliochimba kaburi hili kwa mikono alfajiri ya leo, mkakataa mashine. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, asiyetajwa asione kwamba hakuonekana.

Dada, ulitutangulia kuzaliwa ukatushika mkono tukajifunza kutembea, na sasa umetutangulia tena. Lala, mama watoto, lala na uchovu wako wote. Pumzika kwa amani, sisi tutafunga mlango polepole, tusikuamshe.